Kotisoli Si Adui: Namna ya Kuituliza Akili Iliyochoka kwa Kurudisha Saa ya Mwili

"Sista, hii dozi umeiandika mara mbili."

Aliyeniambia hivyo alikuwa kijana wa mafunzo kwa vitendo, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, kwa sauti ya chini kama mtu anayemwonyesha mkubwa wake kuwa kifungo kimefunguka. Nikaitazama chati. Mwandiko wangu, sahihi yangu, dozi ileile, tofauti ya dakika kumi na tano. Mgonjwa alikuwa amepewa mara moja tu na hakudhurika. Kilichonitisha ni kwamba sikukumbuka kuandika hata mstari mmoja kati ya ile miwili.

Nilikuwa na miaka 19 ya uuguzi, saba ya mwisho katika wodi ya wagonjwa wa ubongo. Zamu za usiku nne mfululizo, nyumbani mama mgonjwa, na kwenye simu kaka yangu, ambaye tulikuwa tunagombana kuhusu nani alipie nini. Kichwa kizito kama kimejazwa pamba, viungo vinauma bila homa. Picha ya ubongo ilirudi safi. Daktari akasema, "Msongo." Nikachukia, maana neno hilo nilikuwa nimewaambia wagonjwa mara nyingi mno bila kujua nawaambia nini hasa.

Haya ni niliyojifunza na kuyafanya baada ya hapo. Nimeyapanga ninavyotamani ningepangiwa, kwa sababu mimi nilianzia mkiani: nilianza kwa kununua vidonge.

Jua kwanza kinachotokea

Kati ya msongo na kichwa kizito kuna kitu ambacho wengine hukiita uvimbe, wengine mcharuko. Mimi nitasema mcharuko, kwa kuwa ukimwambia mtu ana uvimbe kwenye ubongo, kabla hujamaliza sentensi ameshaanza kuaga ndugu zake.

Mcharuko ni kinga ya mwili ikiwa kazini. Ukijikata kidole kinakuwa chekundu, kinapata joto, kinavimba, kinauma. Ubongoni hutaona wekundu wala hutasikia kidonda, maana ubongo wenyewe hauna neva za maumivu. Kuna askari wake, seli ziitwazo mikroglia, ambazo Pío del Río Hortega wa Hispania alizieleza mwaka 1919. Siku za amani zinanyoosha mikono yake myembamba, zinapapasa jirani, zinafagia taka. Kengele ikilia zinabadilika umbo na kumwaga kemikali za vita, saitokini. Na hata vita ikiwa mbali, kwenye mapafu au tumboni, habari zake hufika ubongoni kupitia damu na kupitia neva ndefu iitwayo vagasi.

Kumbuka mafua makali ya mwisho uliyopata. Hutaki kuona mtu, chakula hakina ladha, fikra zinaburuta miguu, kitanda kinakuita. Ubongo ndio uliotoa amri hiyo baada ya kupokea habari za saitokini. Nimewauguza watu waliotibiwa homa ya ini aina ya C kwa interferoni, dawa ambayo yenyewe ni mjumbe wa kinga. Wengi wao walizama kwenye sonona wakiwa katikati ya tiba, hata ambao hawajawahi kuugua akili maishani. Tangu hapo sijawahi kusema ugonjwa fulani "uko kichwani tu".

Sasa msongo unaingilia wapi? Ukitishwa, haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, inaiamsha tezi ya pituitari, pituitari inaziamsha tezi zilizokaa juu ya figo, nazo zinatoa homoni iitwayo kotisoli. Hapa ndipo nilipokwama kwa miezi, kwa sababu kotisoli *inazima* mcharuko. Mwaka 1948 Philip Hench, daktari wa hospitali ya Mayo Clinic Marekani, alimchoma kotisoni, ndugu wa karibu wa kotisoli, mwanamke mwenye ugonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi hata kujigeuza vizuri kitandani. Baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Basi inakuwaje homoni inayozima moto iwe ndiyo inayolaumiwa kwa moto?

Jibu nilikuwa nalisikia kila usiku bila kulitambua. Wodini mashine zinalia usiku kucha. Mgeni anashtuka kila mlio. Sisi wenyeji tunaendelea kunywa maji. Si kwamba mashine imeharibika, ni sikio lililochoka. Seli za kinga nazo zina masikio ya kupokea kotisoli, na zikipigiwa kelele mchana na usiku kwa miezi, zinaacha kusikia. Amri ya "tulieni" inatolewa, hakuna anayetulia. Mwaka 2012 Sheldon Cohen na wenzake walieleza walivyowawekea watu 276 wenye afya virusi vya mafua puani: wale waliokuwa wamepitia msongo mkubwa wa muda mrefu walikuwa na seli zilizokuwa viziwi kwa kotisoli, na waliokuwa na uziwi huo ndio waliougua zaidi.

Kwa hiyo achana na habari ya "kushusha kotisoli". Unachotaka ni ukimya wa kutosha ili mlio ukija usikike. Kwa mtu anayelala usiku, kotisoli hupanda kileleni kama nusu saa hadi dakika arobaini na tano baada ya kuamka, kisha hushuka polepole hadi chini kabisa karibu na usiku wa manane. Mlima asubuhi, bonde usiku. Yote nitakayokuambia ufanye ni kuchimba hilo bonde.

Daftari, wiki mbili, kabla ya kubadili chochote

Daftari la kawaida. Kila siku andika ulilala saa ngapi, uliamka saa ngapi, na kahawa au chai ya mwisho ulikunywa saa ngapi. Ipe hali ya kichwa alama kuanzia sifuri hadi kumi, saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kumi ni pamba tupu. Kama unapata hedhi, andika siku ya mzunguko. Kisha andika jambo lililokupandisha moyo siku hiyo na, tafadhali usiruke hapa, lilikaa nawe kwa muda gani. Tukio lenyewe linaweza kuwa la dakika tatu. Mwangwi wake unaweza kuwa wa saa tisa.

Mimi nilikuwa na hakika kwamba adui ni zamu za usiku. Siku ya tisa nikaona safu ya alama ikinicheka: siku mbaya kuliko zote hazikuwa baada ya zamu. Zilikuwa baada ya simu za kaka. Na kwenye mzunguko, siku nne za mwisho kabla ya hedhi zilikuwa saba na nane mfululizo, kana kwamba nimezipiga muhuri.

Peleka damu maabara, usijitibu kwa kukisia

Pamba kichwani ina wazazi wengi, na msongo hupenda kusingiziwa. Muulize daktari kuhusu picha kamili ya damu na akiba ya madini ya chuma, kipimo cha tezi ya thairoidi ile iliyo mbele ya koo, sukari, na vitamini B12. Kama unakoroma na kukata pumzi usingizini, sema, hata kama mwenzako wa chumbani ndiye mwenye ushahidi. Kwangu chuma kilikuwa chini sana. Yaani sehemu ya kile nilichokiita msongo ilikuwa hedhi nzito niliyoizoea tangu ujana.

Kuna pia kipimo cha damu cha mcharuko kiitwacho CRP. Chini ya miligramu 1 kwa lita ni kizuri, kati ya 1 na 3 ni wastani, juu ya 3 ni juu. Kikivuka 10, mara nyingi kuna maambukizi au jeraha la sasa hivi, basi rudia baadaye. Lakini kinapima mwili mzima. Hakikuambii ubongo unafanya nini. Usikae ukikitazama kama ramli.

Sema dawa zote unazotumia, pamoja na krimu za ngozi, dawa za kuvuta za pumu na sindano za viungo, kwa kuwa nyingi ni steroidi, ndugu wa kotisoli. Ukizitumia kwa muda tezi zako hulala usingizi, na ukiziacha ghafla hakuna wa kuamka kukusaidia. Zinapunguzwa hatua kwa hatua na aliyeziandika.

Na kuna yasiyosubiri daftari. Upande mmoja wa mwili kulegea, uso kupinda, ulimi kushindwa kutamka, degedege, kichwa kinachopasuka ghafla kuliko ulivyowahi kusikia maishani, homa pamoja na shingo ngumu, au mawazo ya kujiua: hospitali sasa hivi, si kesho.

Asubuhi

Amka saa ileile kila siku. Saa ya kulala itajipanga yenyewe baada ya wiki. Ukianza na saa ya kulala utashindana na shuka. Ndani ya saa ya kwanza toka nje, robo saa hadi nusu saa, bila kulitazama jua lenyewe. Hata mawingu yakiwa yametanda, mwanga wa nje ni mara nyingi zaidi ya ule wa balbu za chumbani, na ndio unaoiwekea saa ya ubongo majira.

Kahawa sikuiacha na sikuambii uiache. Ila nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku nusu yake bado iko nawe kitandani. Mwisho wangu ni saa sita mchana siku za kawaida.

Kwa wenzangu wa zamu: sehemu kubwa ya ushauri huu imeandikwa na watu wanaolala usiku, najua. Niliomba nisizidishe usiku tatu mfululizo na nikakubaliwa baada ya kuomba mara ya pili. Nalala kidogo kabla ya kuingia zamu, navaa miwani ya jua nikirudi asubuhi, chumba nakifanya giza hata mchana, na simu inakaa chumba kingine. Bonde langu liko mchana siku hizo. Si zuri kama la usiku, lakini ni bonde.

Tembea, lakini mwulize daftari

Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipokampasi, ghala la kumbukumbu mpya. Mwaka 1968 Bruce McEwen alionyesha kwa panya kwamba imejaa vipokezi vya homoni hizi za msongo. Inasikia kotisoli, na pia inasaidia kuiambia haipothalamasi kwamba sasa inatosha. Ikichoka, unasahau ulichofuata kabatini, *na* breki ya kotisoli inalegea. Mtego wa pande mbili.

Habari njema ni ya mwaka 2011. Wazee 120 waligawanywa makundi mawili. Waliotembea dakika 40 mara tatu kwa wiki kwa mwaka mmoja, hipokampasi zao ziliongezeka kama asilimia 2. Waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, zao zilipungua. Kutembea! Wodini tungekuwa na kidonge chenye matokeo hayo tungekifungia kwenye kabati la dawa za hatari.

Nilianza na dakika kumi na mbili, kwa sababu hizo ndizo nilizoziweza. Baada ya wiki saba nikafika arobaini. Kanuni yangu: kama siku inayofuata alama ya kichwa imepanda mbili au zaidi, nimezidisha, narudi nyuma. Na kama tatizo lako lilianza baada ya ugonjwa wa virusi, na kila ukijikakamua unaanguka kitandani siku mbili, usilazimishe kabisa. Hiyo ni hali nyingine na inahitaji mwongozo wa daktari.

Ugomvi unaoendelea baada ya ugomvi kwisha

Hans Selye, aliyeifanya dunia ianze kutumia neno msongo kwa miili ya watu, alidhani amegundua homoni mpya. Alikuwa akiwachoma panya majimaji ya ovari, akakuta tezi za juu ya figo zimenenepa, tezi ya kinga iitwayo thaimasi imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Akajaribu vitu vingine vya kuudhi, visivyohusiana kabisa. Matokeo yaleyale. Mwaka 1936 akaandika kwamba mwili una jibu moja kwa maudhi mengi.

Panya wa Selye hawakuwa na uwezo wetu wa kurudia maneno ya mtu kichwani tukiwa tumelala. Mimi nilikuwa nagombana na kaka dakika kumi kwa simu, kisha peke yangu hadi alfajiri, na huko peke yangu nilikuwa nashinda kila mara. Mwili hauna habari kwamba simu imekatwa. Unaendelea kupiga kengele.

Nilichofanya kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia. Nilimwambia, "Kaka, mambo ya hela tuyaongee Jumamosi asubuhi tu. Usiku siyawezi tena, naumwa." Akanyamaza hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Sawa dada. Hata mimi hayaniachi nilale." Ugomvi haukuisha, ulipewa siku yake. Wewe tafuta ule wa kwako kwenye safu ya mwangwi, uupangie saa, na ikibidi uandike hoja zako zote kwenye karatasi ili kichwa kisijione kina jukumu la kuzilinda.

Usiku moyo ukipanda, pumua ndani kwa sekunde nne, toa nje kwa sekunde sita, dakika tano. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, na moyo unapoa. Utasikia watu wakisema kwamba pumzi hii "inaamsha vagasi na kuzima mcharuko". Ni kweli kwamba mwaka 2000 Kevin Tracey na wenzake waliisisimua neva hiyo kwa umeme kwenye panya na kemikali za mcharuko zikapungua. Lakini ule ulikuwa umeme, na wale walikuwa panya. Pumua kwa sababu inakulaza, hiyo inatosha.

Homoni nyingine, kwa ufupi wenye tahadhari

Istrojeni, homoni ya kike, kwenye maabara huzituliza mikroglia. Projesteroni, homoni nyingine ya kike, hubadilishwa ubongoni kuwa alopregnanoloni, ambayo hutuliza neva kupitia njia zilezile zinazotumiwa na dawa za usingizi. Baada ya kujifungua kiwango chake huporomoka ndani ya siku chache, na dawa iliyotengenezwa kwa kuiiga, breksanoloni, ilipitishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona ya baada ya uzazi. Ya vidonge, zuranoloni, ikafuata mwaka 2023. Mama aliyejifungua akilia bila sababu hadekezwi wala hasemwi. Anapelekwa kwa daktari.

Usiruke kutoka hapo hadi kwenye "basi nimeze homoni nilinde ubongo". Mwaka 2003 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba wanawake wa miaka 65 na zaidi waliopewa istrojeni pamoja na projestini (projesteroni ya kutengenezwa) walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa majeruhi wa kichwa, steroidi iliyopewa watu katika utafiti wa wagonjwa 10,008, matokeo mwaka 2004, iliongeza vifo. Na projesteroni, baada ya miaka ya matumaini, haikuwasaidia majeruhi hao katika majaribio mawili makubwa ya mwaka 2014. Kuzima mcharuko kwa nguvu si sawa na kuponya. Ukomo wa hedhi ukikunyima usingizi kwa joto na jasho, ongea na daktari kuhusu homoni kwa ajili ya *hilo*, kulingana na umri wako na historia yako.

Wanaume msicheke. Vijana 10 wenye afya walilala saa tano tu kwa usiku kwa kama wiki moja; testosteroni yao, homoni ya kiume, ikashuka mchana asilimia 10 hadi 15.

Vidonge nilivyonunua

Chupa tatu. Moja ilidai inatibu "uchovu wa tezi za adrenali", zile za juu ya figo, ugonjwa ambao madaktari wa homoni hawautambui. Ilinifanya moyo uende mbio. Baadaye nikajua kwamba vidonge vya aina hiyo vilipopimwa maabara vilikutwa na homoni za thairoidi na hata steroidi ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Na kipimo cha mate cha kotisoli kilichochukuliwa mara moja bila kujali saa usikilipie. Bila saa, namba hiyo ni mlima au bonde, hujui.

Wiki ya kumi na mbili

Wastani wangu wa alama ulishuka kutoka saba hadi tatu. Chuma kilifanya sehemu, kutembea sehemu, Jumamosi za kaka sehemu, siwezi kuzitenganisha. Siku za kabla ya hedhi bado ni tano.

Ukienda kwa daktari, usianze na "nina msongo". Fungua daftari, onyesha safu ya alama, useme: "Hizi ni wiki mbili. Siku mbaya ni hizi, na zinafuata kitu hiki." Dakika mbili tu, na atakuuliza maswali tofauti kabisa na yale ambayo angekuuliza.

Siku alama ikiwa tano au zaidi siandiki dozi peke yangu. Namwita yule kijana, ambaye sasa ameajiriwa na ana wanafunzi wake. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuata kwa kidole, kisha sote tunasaini.